Midomo ya Wafumaji

Mashine mia mbili na arobaini zilipowashwa katika banda la kufumia, hata ungepiga kelele sikioni mwa mwenzio usingesikika. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo mitupu. Neno lilitamkwa bila sauti, likavutwa kidogo ili umbo lake lionekane, na mtu aliyekuwa safu ya sita akajibu. Walitaniana hivyo, waligombana hivyo, na wapo walioposana hivyo mbele ya msimamizi aliyedhani wanatafuna kitu. Leo banda lile ni ghala la viti vya plastiki. Na watu siku hizi hukaa meza moja kila mmoja kainamia simu yake. Hata ukitaka kumsoma mtu midomo, yenyewe imefungwa. Katika wafumaji mia sita wa zamu tatu, wanaoijua lugha ile na wangali hai hawafiki watano. Mmoja wao ni mzee anayeitwa Roda, jina alilopachikwa kiwandani kwa sababu, kama roda ya mashine inavyozunguka, alikuwa hatulii.

Ndiyo maana binti wa filamu alimtafuta. Binti huyu hakuwa akitengeneza filamu za kuigiza. Alikuwa akikusanya habari za kweli za watu walioumia kiwandani, na katika kukusanya akaipata filamu ya zamani ambayo wenye kiwanda waliitengeneza wenyewe, miaka thelathini na moja iliyopita, ili wajisifu. Humo bandani hawakurekodi sauti, maana kelele ingewaharibia. Baadaye waliipaka picha muziki na maneno matamu ya mtangazaji. Waliamini kwamba picha isiyo na sauti ni bubu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama mbele ya mashine zamu nzima, la sivyo wangejua.

"Baba, mdogo wako yumo," binti alimwambia Roda. "Anaongea. Nataka nijue anasema nini."

Mdogo wake Roda alipata ajali iliyomuua siku ile ile ya kupigwa picha. Mchana, wageni wakiwa bado ofisini wanakunywa soda, mashine yake ilikataa kusimama ikamvuta mkono mpaka begani, na siku mbili baadaye akafia hospitali. Ripoti ya kiwanda ikaandika kwamba chanzo ni uzembe wa mfanyakazi. Neno hilo likamfuata mjane wake sokoni, likawafuata watoto wake shuleni. Roda aliapa kwamba atalifuta kabla hajafa. Aliandika barua kumi na nne kwa mkono wake, mtu aliyeishia darasa la nne, na kila mara jibu lilikuwa moja: hakuna kumbukumbu kwamba mashine ile iliwahi kuripotiwa kuwa mbovu.

Sasa binti naye hakuwa mtu wa kuamini mdomo mmoja. Alimweka Roda chumba hiki, na chumba cha pili akamweka mfumaji mwenzake, Bi Kengele, ambaye masikio yake yalizibwa na mashine, na tangu hapo anaongea kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kila mmoja alipewa karatasi, kalamu, na kipande kile kile cha picha.

"Mbona unatutenga kama wezi?" Bi Kengele aliuliza.

"Msije mkaibiana majibu, mama. Wenye kiwanda watasema mlipanga."

"Huyu aibe nini? Uzi wenyewe ulikuwa unamkatikia kila saa."

"Wako ulikuwa unakatika kwa sababu ya umbea," Roda akamjibu, akaingia chumbani.

Kipande kilikuwa cha sekunde kumi na tisa. Mdogo wake alisimama kando ya mashine, kijana, shati limejaa vumbi la pamba. Kisha Roda akaona kitu ambacho hakukitazamia: yeye mwenyewe alikuwemo, pembeni, na nywele zake zote kichwani. Mdogo wake akamgeukia.

*Kaka, breki bado haishiki. Msimamizi kasemaje?*

Na Roda wa siku zile akageuza uso, midomo wazi kabisa mbele ya kamera.

*Nimemwambia. Kasema tusizime, kuna wageni. Washa tu. Cheka, unapigwa picha.*

Mdogo wake akavuta mpini, akacheka. Ni kicheko hicho ambacho mtangazaji alikiita furaha ya kazi.

Roda aliirudisha picha mara tano, ingawa aliisoma mara ya kwanza. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa akimwambia shemeji yake, mjane wa marehemu, kwamba asubuhi ile alikuwa upande wa pili wa banda na habari ya breki hakuijua. Katika barua zote kumi na nne hakuwahi kuandika kwamba yeye ndiye aliyemwendea msimamizi, maana angeulizwa: na ulipotoka kwake, ulimwambia nini mdogo wako? Akayaandika maneno ya mdogo wake. Chini yake akaandika: *sikuona vizuri.*

Binti aliziweka karatasi mbili mezani, sambamba. Maneno ya marehemu yalifanana herufi kwa herufi. Mahali pa jibu, Bi Kengele alikuwa ameandika: *amegeuka.*

"Breki tumeipata," binti alisema. "Lakini bila jibu, msimamizi hayumo. Nitawapelekea wenye kiwanda watoe maelezo yao, ndiyo haki yao, na watasema tena kwamba hawakuambiwa."

Nje kwenye korido, Bi Kengele safari hii aliacha sauti yake. Alimtazama Roda akasema kwa midomo tu, *Nimekuachia.*

*Kwa nini?*

*Siyo langu kulisema.*

Roda hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, akamkuta anakunja nguo alizoanua. Akavutiwa kiti kama siku zote. Hakukaa.

"Shemeji, mimi nilikuwepo," alisema. "Alilalamika breki. Nikaenda kwa msimamizi, akasema tusizime. Nikarudi nikamwambia awashe."

Mikono ya shemeji yake ilisimama juu ya shuka.

"Wewe ulimwambia."

"Mimi."

"Na ulijua haishiki."

"Nilijua. Niliogopa kufukuzwa, sote wawili."

Alimaliza kulikunja shuka, pembe kwa pembe, akalipiga kofi likalala. "Miaka yote hii unaniandikia mabarua, unanisomea hapa, nakushukuru," alisema. "Nani mwingine anajua?"

"Bi Kengele. Na picha."

"Hiyo filamu inaonyeshwa kwa watu?"

"Kwa yeyote."

"Basi nenda ukayaseme yote. Na mimi nitakuja kusikiliza."

Siku ya kurekodi binti aliweka kamera, akazima feni ili sauti iwe safi. Shemeji alikaa nyuma yake, mkoba mapajani. Roda akatazama picha, akasoma maneno ya mdogo wake, kisha yake mwenyewe. Alisoma bila kushusha macho, na alipofika kwenye *washa tu* alilitamka kama alivyolitamka bandani, la kuvuta.

Binti akasema kwa upole, "Baba, sehemu ya msimamizi inatosha. Pale unapomwambia awashe naweza kukata. Hakuna atakayejua."

"Wenye kiwanda nao walikata," Roda alisema. "Walikata kelele, wakaweka muziki. Wewe ukikata, mtakuwa na tofauti gani? Weka yote. Na uso wangu usiufiche."

"Watakutukana mitandaoni."

"Watukane. Watakuwa wamekwisha kujua kwamba mdogo wangu hakuwa mzembe."

Binti alinyoosha mkono azime kamera. Shemeji akamzuia.

"Subiri, usizime," alisema. Kisha akamwambia Roda, naye leo hakumwita shemeji, "Pale ulipomwambia awashe sikusikia vizuri. Sema tena."

Roda akaiacha kamera, akamgeukia, akasema tena.