Nani Amebana Mlango?

Katika ofisi ile ndogo ya kuchapa hati, nafasi kati ya maneno zilikuwa na majina, na aliyeyatunga ni Mchapaji mwenyewe. Uwazi mwembamba baina ya tarakimu na kipimo chake aliuita Pumzi. Ule wa kuingiza aya ndani kidogo, Hatua. Mpana kuliko nafasi zote, unaotenganisha sahihi mbili za mkataba, Mlango. Majina hayo aliyahifadhi kwenye kiolezo kimoja kilichotumiwa na kompyuta zote mbili. Ukibofya jina, nafasi inajipanga yenyewe. Kugongagonga kitufe cha nafasi mpaka neno lisogee alikuona ni uchafu mtupu.

Kompyuta ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyechukuliwa kwa majaribio. Alikuwa mcheshi, wateja walimpenda, na Mchapaji hakumwamini hata chembe. Swali moja la wifi huyo lilimkaa Mchapaji moyoni: "Hivi haya majina yako, wifi, mtu mwingine anaweza kuyabadilisha?"

Kisha mikataba ikaanza kutoka imeharibika, sahihi ya muuzaji imeibana ya mnunuzi kama watu wanaogombea kiti. Mchapaji hakumuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi: kuna mkono unachezea kiolezo, na si wake. Bosi, asiyependa kelele, akasema mchana atamwambia wifi asirudi tena.

Mchapaji akafungua mipangilio ya Mlango kutafuta ushahidi. Kipimo kilikuwa nusu ya kile cha zamani. Ndipo akakumbuka. Alipokuwa akihangaika kuibana kadi ya mwaliko iingie ukurasa mmoja, alipunguza Mlango wenyewe badala ya nafasi ya kadi ile peke yake. Kila mkataba uliofuata ukatii.

Angeweza kurudisha kipimo akanyamaza. Vidole vilishafika kwenye kitufe. Nyuma yake wifi alikuwa akimtania mteja, hana habari. Mchapaji akainuka, akaingia kwa bosi.

"Mkono ulikuwa wangu, bosi. Wifi mwache."

Ukuta wa mbao haukuficha neno. Alipotoka, wifi alikuwa ameacha kuchapa.

"Kumbe ulinisema?"

"Nilidhani..."

"Niliuliza kama yanabadilika kwa sababu niliogopa kukuharibia."

Wifi alibaki kazini. Ila sasa, hata akienda kunywa maji tu, hufunga kompyuta yake kwa neno la siri, na akirudi huupima Mlango kwanza. Mchapaji akimsalimia, huitika "Salama, dada," kama anavyowaitikia wateja.