Siku Niliyogonga Treni kwa Sababu ya Mama Mkwe

Aibu ndogondogo ninazo nyingi, na nyingine huwa nazisimulia mwenyewe nikitaka watu wacheke, lakini hii ya uwanja wa ndege nimeificha karibu miaka miwili, na ningeendelea kuificha kama si binamu yangu kuniuliza juzi, mbele ya watu, kama ni kweli nilishikwa na polisi ng'ambo nikimwinda mama mkwe. Sikushikwa. Nilisindikizwa. Na sikuwa nikimwinda, ingawa mkisikia yote mtaona kwamba mtu mwenye akili timamu angeweza kudhani hivyo.

Mimi kazi yangu ni kununua ndengu kwa wakulima, Kathonzweni huku na Kanyangi kule, na kazi hiyo imenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili na kushika mfuko nikisikia mtu akisema kitu ni cha bure. Mke wangu, Ndinda, alikuwa ng'ambo akifanya kazi ya kutunza wazee, na baada ya miaka tisa ya kungoja alikuwa amebeba mtoto wetu wa kwanza. Madaktari walikuwa wamepanga kumfanyia upasuaji Alhamisi asubuhi, naye alitaka watu wawili tu kando yake, mimi na mama yake. Basi nikapewa kazi ya kumtoa mama yake Kilungu na kumfikisha huko, ndege mbili, na katikati saa moja na nusu ya kubadilisha ndege katika uwanja mmoja mkubwa wa nchi ya watu, uwanja wenye majengo matatu, nasi tunashukia la kwanza na kupandia la tatu. Tukiikosa hiyo ya pili, iliyofuata ingetufikisha Alhamisi jioni, mambo yameshaisha.

Sasa kwa wale ambao si Wakamba, lazima nieleze nthoni. Nthoni ni ile heshima iliyochanganyika na haya kati ya mtu na mama mkwe wake: hamshikani mikono, hamli pamoja, hamketi karibu, mkikutana njiani mmoja anapinda kando, na ukiwa na neno unalipitishia kwa mtu mwingine. Vijana wa siku hizi wamelegeza, wanapiga hata picha wamekumbatiana, lakini Mama Ndinda ni wa zamani, na kwa miaka tisa hakuwa amenitazama usoni (nadhani hata hakujua nina mwanya). Kwa hiyo viti nilivichagua kwa makini, katika ndege zote mbili yeye safu ya kumi na nne, mimi ya thelathini na moja, kwa sababu kulala bega kwa bega na mama mkwe, pengine mmoja wenu amefungua mdomo, ni jambo ambalo singeweza kulieleza kwao Kilungu.

Tulitua tumechelewa dakika ishirini. Nikahesabu, zimebaki sabini. Nikahesabu tena, sabini. Pale mlangoni mwa ndege alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, kizibao cha manjano, ameshika kibao chenye jina la Mama, na nyuma yake kuna kigari cha umeme.

"Uko na huyu mama?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nimekuja kuwapeleka jengo la tatu."

"Pesa ngapi?"

"Ni bure."

"Bure mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni."

"Halafu hapo mlangoni?"

"Hapo mlangoni mnapanda ndege."

Alijibu haraka mno, kama mtu aliyezoea. Kwetu steji ya matatu, anayelijua jina lako kabla hujamwambia ndiye wa kwanza kukimbia na begi lako. Tena kile kigari kilikuwa na kiti kimoja tu cha nyuma, kifupi, cha kubanana, na mimi na Mama hapo tungekaa vipi? Nikamwambia asante, sisi ni watu wa kutembea. (Ndinda ndiye aliyemwagiza, kwa ajili ya goti la mama yake, na aliniambia kwa simu, lakini saa hiyo nilikuwa napima ndengu, nikajibu sawa, sawa, kama mtu anayesikia.)

Tukatembea, mimi mbele, Mama hatua kumi nyuma na goti lake, na kwa vile si adabu kugeukageuka kumtazama nikawa namwangalia kwenye vioo vya maduka, mpaka tukafika kwenye kitreni cha kwenda jengo la tatu. Milango ikafunguka. Nikaingia behewa la kwanza na kuashiria kwa mkono, bila kugeuka, kwamba Mama aingie la pili. Mama naye, kwa kuwa hakuwa akinitazama, hakuiona ishara. Milango ikajifunga, na kupitia kioo nikamwona amesimama palepale, macho sakafuni kwa heshima, akingoja nisogee ndio asogee.

Kwetu gari likimwacha mtu unajua la kufanya, unapiga bodi mara mbili kwa kiganja, dereva asimame. Nikapiga. Treni ikaondoka. Nikapiga tena, nikasema kwa sauti ya kutosha, "Dere, kuna mtu amebaki." Mzee mmoja mwenye kofia akaninyooshea kidole kule mbele, nikatazama, na hapakuwa na dere. Hapakuwa hata na kiti cha dere. Kando ya mlango kulikuwa na mkono mwekundu wa dharura nyuma ya kioo chembamba, na mimi, Muthengi, mtu wa kuhesabu mara mbili, hapo sikuhesabu hata mara moja. Nikauvuta.

Treni ilisimama ndani ya handaki, king'ora kikalia, na tukakaa humo dakika kumi na nane, mimi na watu arobaini wenye ndege zao za kuwahi. Mwanamume mmoja wa suti akaniuliza jina langu kamili, na jinsi linavyoandikwa.

Tulipofika, polisi wawili walikuwa wananingoja.

"Umemwacha nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Kwa nini hamkuwa pamoja?"

"Siruhusiwi kumkaribia."

Kalamu ikasimama. "Huruhusiwi na nani?"

"Na kila mtu. Ukoo mzima unajua."

"Tangu lini?"

"Miaka tisa."

"Na yeye anajua kwamba uko hapa?"

"Anajua, lakini hawezi kunitazama."

Wakatazamana, wakapiga simu, kisha wakanipeleka mpaka mlango wa ndege yetu, mmoja kulia, mmoja kushoto. Na pale, mbele ya abiria wote, Mama ameketi kiti cha mbele na kikombe cha chai. Yule wa kizibao hakuwa ameondoka, alikuwa ametufuata polepole na kigari chake, akamkuta Mama peke yake pale kituoni, akamleta kwa njia nyingine. Zilibaki dakika kumi na tano mlango ufungwe.

"Mama, unamjua mtu huyu?" polisi akauliza, akinionyesha.

Mama aliponiona akajifunika uso kwa leso na kugeukia ukuta. Alifanya sawasawa kabisa, mama mkwe aliyelelewa vizuri akikutana na mkwewe ghafla mbele ya watu hufanya hivyohivyo. Lakini polisi mmoja akaruka kusimama kati yetu, mwingine akanikamata kiwiko, abiria wakarudi nyuma, na simu tatu zikainuliwa kunirekodi (nilizihesabu).

"Huyu hapandi," akasema wa kiwiko.

Nilitaka kuongea na Mama na hapakuwa na mtu wa kumpitishia, basi nikampitishia yule wa kizibao, kwa Kikamba, naye akatikisa kichwa kwa huruma bila kuelewa hata neno: "Mwambie Mama hawa wanataka kuniacha. Mwambie kesho nitakuwa bado niko hapa na Ndinda anapasuliwa."

Mama aligeuka kutoka ukutani. Kisha akaishusha ile leso. Akainuka, akaja na goti lake mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, akanitoa mkononi mwa polisi kama unavyomtoa mtoto barabarani, na akanishika mkono.

"Huyu ni wangu," akamwambia polisi kwa Kikamba. "Ni mjinga, lakini ni wangu."

Polisi hakuelewa maneno ila mkono aliuelewa, akafunga daftari. Mama hakuniachilia mpaka ndani ya ndege. Tulipofika safu ya kumi na nne akaniachia, akaketi, akageukia dirisha. Mimi nikaendelea mpaka thelathini na moja.

Alhamisi asubuhi Ndinda alijifungua msichana, sote wawili tukiwa hapo, Mama upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili, kila mtu akitazama mtoto.

Nimeapa kwamba siku nyingine mtu akiniambia bure nitapanda kwanza, nitauliza tukishafika. Na tuliporudi nyumbani, wajomba wa Ndinda walituma habari kutoka Kilungu kwamba nthoni imevunjwa na lazima itengenezwe, mbuzi wawili na asali. Jamaa zangu wa sokoni wakaniambia nisikubali, wakajitolea kunisindikiza tukawashushe hadi mbuzi mmoja. Niliwaambia wakae. Tangu nianze biashara, hiyo ndiyo bei ya kwanza niliyotajiwa nikaitoa hivyohivyo.