Suti ya Gari Lisilo na Jina

Faradji wa Kadiri alikuwa fundi cherehani wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi ulio mpakani, na kama ungemuuliza angependa kuwa nani badala yake, asingekuacha umalize swali. Dereva! Alijua magari kwa milio yake. Lori la Abdu alilitambua likiwa bado linateremka kutoka Mahoko. Lakini baba yake, mzee Kadiri, alipooza mguu mmoja mwaka uleule ambao Faradji alianza kuota ndevu, na cherehani ya kukanyaga haikubali mguu mmoja. Basi mwana akakalishwa barazani, akaambiwa ni kwa muda tu. Kufikia mwaka wa hamsini na sita, muda huo ulikuwa umemkuta na mke, watoto, na mgongo ulioanza kupinda. Na barabara ya kwenda Goma, kana kwamba ni kumkomoa, ilipita mbele ya pua yake.

Kwa sababu hakwenda kwenye magari, magari yalimfuata kwa njia ya maneno. Wapenzi wa magari wote wa mji walikutana barazani kwake kupiga soga, na kiangazi kile hawakuwa na soga nyingine. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa na gari dogo la mviringo lililokuja mwaka uliopita. Sasa ilisemekana kwamba kampuni iliyoliunda imelizalia mdogo wake, wa mbio, ambaye hajapewa hata jina, na kwamba wazungu wa kampuni wamemleta Gisenyi kwa siri wamjaribu kwenye milima yetu na mawe ya volkano.

"Mi nimeiona kwa macho yangu, pale mulima ya Mahoko," alisema Abdu, dereva wa lori la viazi, mtu mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko lori lenyewe. "Wameivalisha mbao na magunia. Lakini ile ni voiture, gari ya mabwana wakubwa, donc lazima iko na paa. Kama haina paa, mi nanyoa hizi masharubu."

"Yewe Abdu, anza kutafuta wembe," alijibu Eliezer, mvuvi aliyeleta samaki kila asubuhi na kusahau kuondoka. "Mi nilikuwa ndani ya mutumbwi, nikaona wanaiosha kule kwa ziwa. Juu iko wazi."

"Na mvua?"

"Mutu wa mbio anaogopa mvua?"

Waliulizana siti ni ngapi, taa zimekaa vipi, moteri imebaki nyuma au imehamia mbele. Hakuna aliyekuwa na hela ya kununua hata tairi lake, na hilo halikumpunguzia mtu uhakika. Faradji alisikiliza huku akikanyaga, akishona suruali za watu wanaokwenda mahali.

Siku moja mkuu wa wazungu wale, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Miwani, akasimama mbele ya baraza. Alitaka fundi wa kumshonea turubai.

Alimchukua Faradji hadi gereji ya nyumba waliyopanga kando ya ziwa, akafungua mlango. Lilikuwa pale. Dogo, limelala chini, halina paa, siti mbili tu, na nyuma ya kila siti pameinuka kidogo kama mabega ya mtu anayejiandaa kuruka. Taa zimelazwa kwenye pua. Faradji alilizunguka mara mbili. Alilipenda, na hakuna neno jingine la kusema hapo. Akanyoosha mkono kwenye mlango.

"Ndani hapana," alisema Bwana Miwani. "Pima inje. Na turubai iwe kubwa, kama hema. Mutu asijue kitu iko ndani."

Kisha akatoa ahadi. Gari lingepakiwa kwenye lori hadi Goma, kutoka Goma kwa meli, halafu lingeendeshwa milimani hadi Usumbura, na safarini angehitajika fundi wa turubai na siti. Fundi akifunga mdomo hadi siku ya kuondoka, ataombewa kibali cha kuvuka mpaka, atakwenda nao, na dereva wao atamfundisha usukani. Faradji aliitikia kabla maneno hayajafika mwisho.

Nyumbani, mzee Kadiri alisikiliza habari ya safari akiwa amefumba macho. "Na cherehani?"

"Saidati anajua kushona, Baba. Umemfundisha mwenyewe."

"Bibi wa mutu akae barazani, watu wakimuangalia?"

Saidati, mkewe, alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Nitajifunika, Baba. Mi naweza. Muache aende." Mzee hakusema ndiyo wala hapana, na katika nyumba ile hiyo ilikuwa karibu na ndiyo.

Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana Faradji sasa alikuwa mtu pekee wa Mbugangari aliyejua, na ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kusema. Eliezer alimletea samaki mkubwa wa bure, Faradji akamrudisha. Abdu alimbembeleza, akamtania, kisha akanuna. "Bon. Sasa we ni muzungu," alisema, akahamishia chai yake baraza la pili, la jirani. Watu waliokuwa wakijaza baraza lake wakapungua. Faradji aliumia sana, na alipowasikia kule wakibishana mambo ambayo neno lake moja lingeyamaliza, aliuma ulimi akakanyaga cherehani kwa hasira. Hakumwambia hata Saidati. Katika hilo hakuna wa kumlaumu.

Lawama iko kwenye turubai. Alilishona kubwa, kama alivyoagizwa, akalivisha gari, akarudi nyuma kulitazama. Aibu ikamshika. Gari lile zuri lilionekana kama mgonjwa aliyetupiwa shuka. Tangu utotoni, mzee Kadiri alimpiga kwa futi kila nguo iliponing'inia. Katika nyumba ya Kadiri nguo hukaa mwilini, na mji mzima hujua mkono ulioishona. Faradji akafikiria kazi ile ikishuka melini, ikifika Usumbura, watu wakiuliza ni fundi gani huyu. Akajiambia kwamba turubai pana litajaa upepo na kuchanika njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli, na likamsaidia. Akafumua mshono wa ubavuni. Akapunguza hapa, akabana pale, akafuata mabega yale mawili kwa pensi nyembamba, zile pindo za kubana nguo mwilini, akaziwekea taa mikunjo yake. Alipomaliza, gari lilikuwa limevaa suti.

Asubuhi ya kuondoka Bwana Miwani alikuwa anahofia kuikosa meli kuliko kitu chochote. Aliwagombeza wapakiaji, akaingia mbele na dereva bila kutazama nyuma, akapiga kofi mlango waondoke. Faradji alikaa nyuma ya lori kando ya gari lake, kifurushi mapajani, mkono juu ya turubai. Upepo wa ziwa ulimpiga usoni. Alitamani kucheka peke yake kama mwendawazimu. Walipoingia Mbugangari aliona baraza lake, na juu yake aliona kitu ambacho hakutarajia kukiona maishani: Saidati amekaa kwenye cherehani, kitambaa kimefunika kichwa na mabega, na mzee Kadiri amekaa kando yake akimpa uzi. Mbele, hatua chache tu, kilikuwa kizuizi cha mpaka.

Pale kizuizini kulikuwa na akina mama na mizigo yao, lori likapunguza mwendo. Abdu na wenzake walikuwa wamesimama kwenye baraza la pili. Walitazama. Wakafuata mishono kwa macho, kama watu wanaosoma.

"Ayiwe!" alipiga kelele Abdu. "Haina paa! Eliezer, haina paa!"

"Siti mbili! Ona migongo yake!"

"Na taa zimelala! Angalia pua!"

Wakakimbilia lori, wakizunguka, wakionyesha kwa vidole kila pensi na kila mkunjo. Mzungu mmoja mtalii aliyekuwa akisubiri kuvuka akatoa kamera, akapiga picha, akapiga nyingine. Lori likasimama. Bwana Miwani akashuka, na kwa mara ya kwanza akalitazama turubai.

"Nilisema hema," alisema taratibu.

"Bwana, ingejaa upepo..."

"Shuka."

Faradji alishuka na kifurushi chake. Bwana Miwani na dereva walinunua mikeka kwa akina mama, wakairundika juu ya gari bila mpango. Kizuizi kikainuliwa, lori likapita, kizuizi kikashushwa.

Hapo wakamwinua mabegani! Ndiyo, walimbeba kama bwana harusi. "We fundi!" Abdu alikuwa anakaribia kulia kwa furaha. "Umefunga mudomo, ukatuambia kwa sindano! Na mi nilikuita muzungu! Nisamehe, ndugu yangu. Leo hizi masharubu zinaondoka."

Faradji alijaribu kueleza kwamba hakukusudia. Walicheka. "Sasa sema," alisihi Eliezer, "ndani ikoje? Ulivyokaa kwa siti, ulisikia nini?"

"Sikukaa. Sikuingia ndani."

"Bado anaficha!" wakapiga makofi. "Huyu mutu ni chuma!"

Wakamtua barazani kwake. Mzee Kadiri alimtazama mwanawe, akatazama barabara, na kama alisikitika au alifurahi, uso wake haukusema. "Saidati," akasema, "mupishe mume wako."

Saidati alikuwa katikati ya suruali ya mteja wao Mbonigaba, mshono umenyooka. Aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio. Alimtazama Faradji macho kwa macho, naye akatamani angefokewa. Kisha Saidati akakaza kitambaa chake, akainama, akaingia ndani.

Faradji akaketi. Kiti kilikuwa bado kina joto la Saidati. Akaweka mguu, akakanyaga, na mshono wa mkewe ukaendelea pale alipouachia.