Masale yetu yalivyoupeleka mto ndani kwa Bibi Ndeshi

Go. Go. Go. Mawe makubwa yanagongana ndani ya maji, na ardhi inatetemeka mpaka kwenye nyayo. Masika yamepita, ila mlio huo bado ninao masikioni.

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni binti wa Akheri, huku Meru, shule niliishia form four. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, na kuna sehemu inanitia aibu mwenyewe. Sitaificha.

Nina kitalu cha miche ya parachichi pembeni ya mto, kwenye shamba la baba. Ndoto yangu ni kitalu kikubwa chenye bango, wateja watoke mpaka mjini Ngarenaro. Mnaruhusiwa kucheka.

Sasa, mto wetu ulikuwa ukifurika unaingia kwenye maduka ya senta kule chini. Ukaja mradi wa kuuchimba uwe na kina, na kujenga kingo za mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za chuma. Tulifurahi sana. Nilikuwa nawapelekea mafundi chai na viazi, kila mmoja namwita injinia.

Injinia mwenyewe akaitisha kikao. Akauliza mashamba yanaishia wapi, ili ajue mto aupe upana gani. Tukamwonyesha masale.

Kwa wasiojua, isale ni mmea wa majani marefu, huku kwetu ndio mpaka. Haung'olewi. Ukiung'oa umejitafutia laana.

Lakini watu wetu ni wajanja. Hawang'oi. Wanapanda mpya mbele, kuelekea mtoni, ule wa zamani wanauacha ukauke wenyewe. Kila kiangazi hatua moja, mbili. Baba yangu pia. Miche yangu ilikaa mahali mto ulipokuwa unapita zamani, na nilijua.

Bibi Ndeshi, mjane anayeishi peke yake kwenye kona ya mto chini yetu, akasimama. "Injinia, mto ulikuwa mpana. Hayo masale yametembea."

Baba akamjibu, "Shikamoo bibi. Yalivaa viatu gani?"

Kikao kizima kikacheka. Na mimi nilicheka.

Injinia akaandika tulichomwonyesha, akajenga kwa upana huo huo, basi. Hebu niambieni. Una mashine ya kupimia yenye miguu mitatu, umesomea maji miaka yote hiyo, halafu unapima mto kwa majani tuliyopanda wenyewe?

Masika yakaja. Maji ya mlimani yakateremka na mawe yake, yakakuta njia imebanwa. Upande wetu ukuta ulishika, miche yangu haikuguswa hata mmoja. Maji yote yakaenda kugonga ile kona, yakabomoa kingo, yakapita ndani kwa Bibi Ndeshi mpaka senta.

Tulimkuta amesimama juu ya meza, amemkumbatia mbuzi. Ukuta wa chumba anacholala haukuwepo tena.

Injinia akarudi, akasema yeye alionyeshwa mpaka. Tukiupisha mto, atajenga upya kwa upana unaotakiwa. Tusipopisha, ataziba tu palipobomoka. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Na bibi hana pengine pa kwenda, na vuli hiyo inakuja.

Hapa ndipo nilipochemka kwa hasira. Wazee, baba akiwemo, wakachuma majani ya isale, wakampelekea bibi kuomba msamaha. Kwa mila yetu ukiletewa isale huwezi kukataa. Walilijua hilo. Na kurudi nyuma hata hatua moja hawakuwa wamekubali.

Bibi akapokea jani. Akasema, "Nimesamehe. Na maji mtayapelekea jani?"

Hakuna aliyecheka.

Nilichojifunza: mradi ukija kwenu, semeni mto ulipopita kweli, hata kama pana mahindi yenu. Na mainjinia mliomo humu, msiwaulize wenye mashamba peke yao. Nendeni mkamuulize anayekaa kwenye kona.

Kama kwenu kumetokea kitu cha hivi, andikeni hapa chini mlimalizaje. Anayetaka kunisema kwa kile kicheko, ruksa, nastahili.

Jana asubuhi, baba akiwa kanisani, nimeng'oa nguzo za kitalu peke yangu. Nikabeba miche kidogo kidogo mpaka nyuma ya jiko, nikauachia mto nafasi yake.