Mlinzi Aliyembebea Mwizi Sanduku

Darasani walimwita Karibu, kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla mguu wako haujagusa kizingiti. Lilikuwa neno la kazi yake ya zamani. Kwa miaka mingi alisimama mlangoni mwa hoteli, amevaa sare ya vifungo vya shaba, akipokea wageni na mizigo yao, mpaka hoteli ikauzwa, na wenye mali wapya wakaweka mlango unaojifungua wenyewe. Mtu mzima, mke na watoto nyumbani, akarudi kuwa mwanafunzi wa ulinzi katika chuo cha jamii.

Chuo kile kilifundisha biashara, fedha na ulinzi, na mkuu wake hakutaka masomo hayo yakae kila moja kivyake. Chini ya ngazi palikuwa na chumba kilichotengenezwa kama benki ya mazoezi: kaunta, dirisha la kioo, na sanduku la chuma lililojaa noti za karatasi zenye mhuri wa chuo. Wanafunzi wa biashara walileta humo mauzo ya duka lao la madaftari, wa fedha walihudumu dirishani, wa ulinzi walishika mlango. Asiye na kitambulisho haingii, awe nani. Siku ya mtihani mwalimu wa ulinzi, mama mkavu aliyestaafu jeshini, humtuma mtu ajaribu kupita. Ukimzuia umefaulu.

Kwa Karibu alikuja mzee mwenye mkongojo.

"Shikamoo, mzee. Karibu!"

"Marahaba, mwanangu. Miguu hii, we acha tu."

Karibu akamshika mkono, akamwingiza hadi kwenye kaunta. Binti wa fedha aliyekuwa dirishani alipomwona mgeni ameletwa na mlinzi mwenyewe, na mzee akasema ametumwa na mkuu kuchukua sanduku, alimpa. Mzee akatoka akiguna kwa uzito. Karibu hakuvumilia kumwona mtu wa umri ule akibeba chuma.

"Lete, mzee, utaumia mgongo."

Akalibeba sanduku begani, akatoka nalo hadi kwenye gari lililosimama uwanjani, akafungua mlango wa nyuma alipakie. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa mwalimu wa ulinzi.

"Weka taratibu," mwalimu alisema. "Na kamba umeleta, au tutafunga wenyewe?"

Kwa wiki nzima hakupata pa kujificha. "Karibu, kaka yangu," mmoja alimwambia kantini, "kuna friji nataka kuiba, nami kiuno kinaniuma. Unatoka saa ngapi?" Watu wakashikilia mbavu. Binti wa fedha hakucheka. Naye aliambiwa arudie mtihani, na alilia.

"Kaka, mimi nilikuamini wewe," alimwambia. "Kama mlinzi kamshika mgeni mkono, mimi ni nani nimuulize?"

Hilo lilimchoma kuliko mzaha wa friji. Alikuwa amebakiwa na jaribio moja. Akilishindwa hapati cheti, na bila cheti kampuni iliyoahidi kuwaajiri wahitimu isingemtazama.

Tatizo lake halikuwa uvivu wala ujinga. Alilelewa na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, fundi cherehani aliyewanyoosha watoto kama alivyonyoosha mikunjo ya suruali. Katika nyumba ile mtoto hakumuuliza mkubwa anakokwenda. Mkubwa akibisha, mlango unafunguka, maneno yatafuata. Malezi mema hayo, na anayeyacheka hajui alichokosa. Lakini adabu isiyoweza kusema hapana haimlindi mtu, na wezi wanalijua hilo kuliko walimu.

Nyumbani mkewe alijifunga shuka, akainama, akakohoa mlangoni. "Nifungulie, mwanangu, jua litaniua."

Mkono wa Karibu ukaenda kwenye komeo.

"Umeshaibiwa!" mke akafoka. "Haya, tena."

Walirudia mpaka watoto wakachoka kutazama. Mwishowe mke akavua shuka, akakaa. "Baba watoto, nani kakuambia heshima inakaa kwenye komeo? Mpe shikamoo. Mpe kiti, mpe maji, mpe pole hata mia. Mlango si wako, basi usimgawie mtu."

Siku ya jaribio akaweka kiti na jagi la maji kando ya mlango, akasimama. Wakapita wenye vitambulisho. Kisha akaiona kofia anayoijua na koti la sherehe ambalo hutolewa kabatini kwa arusi na misiba tu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," alisema.

"Marahaba. Fungua, nina neno na mkuu wako."

"Baba Mkubwa una kitambulisho cha chuo?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. "Kitambulisho? Karo hii umelipiwa na nani?"

"Na wewe, Baba Mkubwa."

"Jina ulilo nalo alikupa nani?"

"Wewe."

"Basi fungua."

Karibu akavuta kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akamimina maji na kuinama kumpa kwa mikono miwili. "Kaa, Baba Mkubwa. Nisamehe. Natuma mkuu aitwe akufuate hapa. Ndani sitakuingiza."

"Leo unanifungia mlango mimi?"

Machozi yalimlenga Karibu, ila mgongo wake ulibaki umeegemea mlango. Nyuma ya kioo binti wa fedha alikuwa amelikumbatia sanduku.

Ndipo mwalimu alipotokea kwenye ngazi. "Inatosha, mzee. Amefaulu."

Baba Mkubwa alikuwa ametumwa. Mwalimu alikuwa amemfuata nyumbani kumwomba, naye akakubali kwa majivuno: "Yule nimemlea mwenyewe, atanifungulia." Sasa alinyanyuka, akaweka glasi chini bila kunywa, akaondoka. Mchezo ulikuwa mchezo, lakini uso wake haukuwa wa mchezo.

Jioni Karibu alikwenda kuomba radhi. Mlango uliokuwa wazi siku zote ulikuwa umefungwa kwa komeo.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya Baba Mkubwa.

"Mimi, Baba Mkubwa."

"Mimi wako wengi. Kitambulisho."

Ndani kulisikika Mama Mkubwa akicheka na kukatazwa. Karibu akapitisha kadi yake ya chuo chini ya mlango. Kisha dirisha likafunguliwa, Mama Mkubwa akatoa kigoda na glasi ya maji. "Baba yako kasema ukae. Anaikagua."

Akakaa. Majirani walipita wakamsalimu, naye akaitikia, glasi mkononi, kama mgeni nyumbani kwao. Alingoja mpaka maji yakaisha. Hatimaye komeo likalia, na Baba Mkubwa akasimama kizingitini, miwani puani, kadi mkononi.

"Picha hii haifanani nawe," alisema. "Hapa umetabasamu. Leo pale mlangoni hukutabasamu hata kidogo."

"Niliogopa, Baba Mkubwa."

"Niliona." Akamrudishia kadi, akasogea kando. "Ingia. Na komeo ulifunge vizuri, maana wewe ndiye mlinzi."