Ngoma Zilizotolewa Jikoni

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufunguo na ufagio. Shirika letu la utamaduni hapa Kasongo lilikuwa na vyumba viwili vya matofali ya udongo, nyuma ya soko. Direkta aliniuliza nimefika darasa la ngapi. Nikamjibu, la sita la msingi. Akasema, "Inatosha. Ngoma haisomi." Nikawa magasinie, yaani mtunza vyombo, na mpaka leo watu wananiita Mama Stoki.

Ninawaandikia ninyi mnaoishika kazi hiyo sasa, kwa sababu nawasikia mkisema kumsaidia msanii ni kumtafutia mfadhili. Wakati wetu wafadhili walikuja, wakaondoka. Barabara ikifungwa, au watu wakikimbia vijiji vyao, nani ataita wapiga ngoma? Kwa hiyo tulilima mihogo. Kila Jumatano tulifanya salongo, kazi ya pamoja: waimbaji, wachongaji, wafuma mikeka, hata Direkta na suruali yake imekunjwa magotini. Mavuno tuligawa kwa kuhesabu midomo ya kila nyumba. Ukubwa wa jina la mtu haukuhesabiwa.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Amuri, mpiga ngoma, mtu mfupi mwenye mizaha. Alinionyesha jinsi ngozi inavyokazwa kwa moto wa majani makavu, na jinsi nta inavyopakwa katikati ili sauti iwe nzito. Pia alinionyesha mahali ngoma inapolala: jikoni, imening'inizwa juu ya mafiga, penye moshi. Moshi unafukuza wadudu wanaotoboa mti. Ndiyo maana ngoma za shirika zilikaa katika majiko ya wasanii wenyewe, nami kila mwezi nilipita nyumba kwa nyumba kuzikagua.

Kisha nilitumwa Kabambare kutunza vyombo vya tawi letu. Nilikaa huko miaka miwili, na njia ile ya pikipiki bado naisikia mgongoni. Niliporudi nilimkuta Direkta mwingine. Alikuwa amejenga stoo ya saruji, bati jipya, kufuli kubwa. Akaagiza ngoma zote ziletwe humo, hata ya Mzee Amuri, ambayo mjomba wake aliichonga na ambayo ilimlisha katika arusi na matanga.

"Direkta, yangu iko muzuri kule jikoni," Mzee Amuri alisema.

"Inafanana na sufuria, Mzee. Nyeusi kabisa! Wageni wakikuja watasema nini?"

"Watasema iko nzima."

Direkta alicheka, lakini ngoma ililetwa. Akitaka kupiga, Mzee alikuja kwangu kuiomba.

Sasa niseme kosa langu. Wiki ya tatu niliona unga mweupe chini ya ngoma yake. Nilijua ni nini. Lakini Direkta aliipenda sana stoo yake, nami niliogopa kwamba nikileta maneno nitarudishwa Kabambare. Nikafagia. Kesho yake unga ukarudi, nikafagia tena. Nilifanya hivyo kila asubuhi, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ngoma ilipasuka kwenye matanga ya jirani, Mzee alipoipiga kwa nguvu mara ya kwanza tangu iletwe stoo. Mti ndani ulikuwa umebaki kama mkate. Mzee Amuri aliweka kiganja juu yake, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Kesho yake alikuja stoo.

"Mama Stoki, uliona unga?"

"Niliona, Mzee."

"Ukafanya nini?"

"Nilifagia."

Akatazama sakafu, pande zote. "Kweli," akasema. "Iko safi."

Afadhali angenitukana. Nilikwenda kwa Direkta nikamweleza yote, na woga wangu pia. Alikuwa mtu wa kiburi, lakini hakuwa mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Rudisha zote jikoni," akasema.

"Na stoo, Direkta?"

"Tutaweka mihogo humo."

Masika yale yote Mzee Amuri hakuwa na ngoma. Watu wa salongo walilima sehemu yake shambani na kumpelekea mihogo, ili yeye aingie msituni kutafuta mti na kuuchonga. Mimi nilimpelekea chakula nikamshikia gogo. Mwanzoni hakusema nami. Siku moja akaniambia, "Shika muzuri, Mama. Au unatafuta ufagio?" Nikajua amenisamehe.

Ngoma mpya ilipokwisha hakuipeleka kwake. Aliileta jikoni kwangu, akapanda juu ya kinu akaifunga mwenyewe. "Sasa italala kwako," akasema. "Ukiona unga, piga kelele."

Sikurudishwa Kabambare. Nilistaafu bila sherehe, na sikuitaka. Mzee Amuri alifariki masika yaliyopita. Binti yake alikuja kuichukua ngoma, akaipiga matangani kwa baba yake, na ikalia vizuri mpaka mwisho. Kisha akairudisha, akaifunga palepale.

Siku hizi ninapika kidogo, maana niko peke yangu. Lakini moto nauwasha kila asubuhi, hata kama sina cha kupika. Napitisha mkono chini ya ngoma kutafuta unga. Mkono unatoka mweusi kwa masizi. Nakaa nao hivyo kwanza, kisha ndipo nanawa.