Upande wa Milimani

Kila alipozamisha beleshi kwenye lundo la makaa ya mawe, Ikupa alifumba macho. Jicho lina ulafi, alisema. Litafuata bonge linalong'aa, na sampuli ikifika maabara itasema uongo juu ya lundo zima. Basi alifumba, na humo gizani akawa mbali: ukungu wa milimani kwao unashuka taratibu, mama yake anapuliza moto, maharage yananukia. Madereva pale yadini Isongole walimwita Mama Sampuli, wakamtania kwamba analipwa kwa kuota. Hakuwabishia. Aliipenda kazi yake mno. Alichochota alikiponda juu ya turubai, akakigawa mafungu manne, akatupa mawili yanayotazamana, akachanganya yaliyobaki, akagawa tena, mpaka lundo zima likawakilishwa na mfuko mmoja mdogo.

Ndipo Edson, mdogo wake wa tumbo moja, alipoleta lundo lake la kwanza. Maabara ikikuta majivu mengi, kiwanda cha saruji hakinunui, na shimo alilolichimba tangu masika ndio mwisho wake.

"Usihofu, dada," alimwambia kwa upole. "Mazuri nimeyaweka upande wa milimani. Si ndiko unakochota siku zote?"

Ikupa akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Alitazama chini. Upande ule palikuwa pamekanyagwa pakawa njia. Upande wa upepo nyasi zilikuwa zimejiotea. Mazoea yana taabu. Macho aliyafumba kweli, lakini miguu ilimpeleka kusiko na vumbi, kunakoelekea kwao. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima.

Akazunguka lundo. Vumbi likampiga usoni. Alichota huko, akachota katikati, akachota chini kabisa, macho amefumba, na safari hii hakuota kitu.

Edson alimtazama mpaka mwisho. "Na ya wenzangu uliyapima hivi?"

"Hapana."

"Basi ungeanza na mwingine, dada."

Hakuna ndugu ambaye Ikupa alimpenda kama huyu. Alifunga mfuko, akaukabidhi kwa dereva. Majibu yalirudi: majivu mengi.

Siku hizi Ikupa huzunguka kila lundo, la yeyote yule. Edson amerudi shambani. Wakikutana kanisani Jumapili humwamkia kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mama Sampuli," husema, kisha hupita.